Rangi na Vyeo vya Watu katika Kitabu cha Kimarekani



Katika nchi yetu hii ya milimani, tangu Iringa hata Mbeya, mtu akija kwa mbali njiani huonekana nguo yake kabla ya uso wake. Wakati wa kiangazi vumbi letu ni jekundu, na wakati wa masika tope letu ni jekundu vile vile. Kwa hiyo mtu akifika barazani jioni na shati jeupe lisilo na doa, watu husema mioyoni, "Huyu hakutembea kwa miguu." Hawakusema neno juu ya rangi, wamesema neno juu ya cheo. Weupe ule umewaambia kwamba mtu yule ana gari, ana sabuni, ana maji ya karibu, na ya kuwa yupo mtu mwingine nyumbani anayemfulia.

Fikira hiyo ndiyo iliyonijia nilipokuwa nikisoma kitabu kimoja cha hadithi cha Marekani kiitwacho The Great Gatsby, yaani Gatsby Mkuu. Mtungaji wake ni F. Scott Fitzgerald, aliyezaliwa mwaka 1896 katika mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, akafa mwaka 1940. Kitabu kilipigwa chapa New York mwaka 1925. Hapo kwanza hakikununuliwa sana, na mtungaji alipokufa watu wengi walikuwa wamekwisha kukisahau. Lakini siku hizi kinasomwa katika shule nyingi za Marekani, na walimu wa huko hupenda kuwauliza wanafunzi wao habari za rangi zilizomo. Aghalabu wanafunzi hujibu kama watu wanaokariri jedwali la kuzidisha: nyeupe ni usafi, kijani ni tumaini, manjano ni mali, kijivu ni mauti. Majibu hayo si ya uongo, lakini nayaona kuwa mafupi. Nataka kuonyesha kwamba katika kitabu hiki rangi moja hubadilika kwa kufuata yule anayeitazama na mahali anaposimama, na kwamba swali lililo chini ya rangi zote ni hili: nani avaa nguo, na nani aifua?

Kwa ajili ya wale wasiokisoma, nitaeleza hadithi yenyewe kwa ufupi. Mambo yanatukia katika kiangazi cha mwaka 1922, karibu na mji wa New York. Msimulizi ni kijana aitwaye Nick Carraway, aliyetoka bara kuja kutafuta kazi ya mambo ya fedha. Alipanga nyumba ndogo kando ya ghuba. Upande wake, uitwao West Egg, walikaa matajiri wapya. Na ng'ambo ya maji, upande wa East Egg, walikaa matajiri wa urithi, ambao mali iliwangoja kabla hawajazaliwa. Jirani yake Nick ni Jay Gatsby, tajiri mpya, mwenye jumba kubwa na karamu zisizokwisha. Watu walikula na kunywa kwake, na huku wakimsengenya, kwa kuwa hapakuwa na aliyeijua asili yake. Kumbe jina lake la kuzaliwa ni James Gatz, mtoto wa wakulima maskini wa North Dakota. Alipokuwa askari, mwaka 1917, alimpenda msichana wa nyumba ya kitajiri, Daisy. Lakini yeye akiwa bado ng'ambo kwa ajili ya vita, msichana yule akaolewa na Tom Buchanan, tajiri wa asili. Ndipo Gatsby alipotafuta mali kwa njia za haramu, pamoja na kuuza pombe, ambayo ilikatazwa kwa sheria ya Marekani tangu mwaka 1920 hata 1933. Kisha akanunua jumba lile ili aweze kuitazama ng'ambo anakokaa Daisy.

Kati ya ghuba ile na mji pana jaa kubwa la majivu. Hapo anakaa fundi wa motokaa, George Wilson, na mkewe Myrtle, ambaye ni hawara wa Tom. Siku moja ya joto kali Daisy alikuwa akiendesha motokaa ya Gatsby, akamgonga Myrtle akafa, wala hakusimama. Gatsby alikubali kubeba lawama. Tom akamwambia Wilson motokaa ile ni ya nani, na Wilson akamwua Gatsby kwa bastola, kisha akajiua mwenyewe. Tom na Daisy wakafunga mizigo yao wakaenda zao. Katika mazishi ya mwenye karamu walifika watu wa kuhesabika kwa vidole.

Basi, kabla ya kuzishika rangi moja moja, yafaa tukumbuke jinsi lugha yetu inavyozitaja. Kiswahili kina rangi tatu zinazosimama peke yake: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine aghalabu tumeziita kwa jina la kitu. Manjano ni mzizi wa kutilia mchuzi. Kahawia imetoka katika kahawa. Zambarau ni tunda. Kijani imetoka katika majani, na kijivu katika majivu. Mwingereza hulitamka neno lake la kijivu pasipo kufikiri moto wala jiko, lakini Mswahili akitaja kijivu tayari ameyagusa majivu. Kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili anafaa sana kukisoma kitabu hiki. Amezoea kuiona rangi pamoja na kitu kilichoizaa, na kila kitu kina mkono uliokishika.

Tuanze na nyeupe. Mara ya kwanza tunapoonyeshwa Daisy, ameketi pamoja na rafiki yake Jordan Baker katika chumba kilichojaa upepo, nao wote wawili wamevaa nguo nyeupe zinazopepea. Baadaye twasikia kwamba hata alipokuwa msichana alivaa nyeupe, na motokaa yake ndogo ilikuwa nyeupe. Walimu wengi hufundisha kwamba weupe huo ni usafi wa nje unaoficha moyo mchafu. Ni kweli, maana mwanamke yule aliua mtu akakimbia. Lakini mtu wa vumbi jekundu huona na jambo jingine. Nyeupe ya Daisy ni rangi ya mtu asiyepika, asiyelima, asiyebeba maji, wala asiyekaa chini. Mtungaji hatuonyeshi hata mara moja mtu aliyezifua nguo zile na kuzipiga pasi. Nguo zinapepea kana kwamba zimejifua zenyewe.

Hapa nawaomba wasomaji tushuke pwani kidogo, kwa kuwa jambo hili tulikuwa nalo sisi wenyewe, na nguo yake ilitoka kule kule Marekani. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mapatano ya biashara na Seyyid Said wa Unguja, na merikebu za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikazidi kuleta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wakakiita merikani, na jina hilo limebaki hata leo. Pamba yake kwa sehemu kubwa ilichumwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani. Kilipofika Unguja, watumwa wanaume walijifunga kipande cha merikani kiunoni, na wanawake watumwa walijifunga kaniki, yaani kitambaa kilichotiwa rangi nyeusi ya nili. Mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Naye mwungwana alivaa kanzu nyeupe ndefu, iliyofuliwa na mtumwa.

Tazameni basi: merikani ya mtumwa ilikaribia kuwa nyeupe, na kanzu ya mwungwana ilikuwa nyeupe. Rangi ni moja au zakaribiana, lakini nguo moja yasema utumwa na nyingine yasema ungwana. Tena, merikani ile ile ilipopandishwa bara na misafara, ikawa fedha na heshima. Wenye misafara waliwapa watemi merikani na kaniki kuwa hongo ya njia. Kitambaa kilichomdharaulisha mtu pwani kilimheshimisha mtu bara. Je, jedwali la rangi lingeweza kutueleza jambo hilo?

Hali ya utumwa ilipofutwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake wengi walioachwa huru waliziweka kando kaniki zao wakavaa kanga za rangi na maua. Katika Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa ilitoka mwaka 1922. Huo ndio mwaka ambao mambo ya kitabu hiki yanatukia. Wakati Gatsby wa hadithi alipokuwa akijipaka rangi za kitajiri ili asahauliwe asili yake, huku kwetu wapo watu wa kweli waliokuwa wakitafuta nguo ya kuwatoa katika jina la utumwa. Mimi naona haja yao ni moja, ila wa kwetu walikuwa na haki zaidi, maana hawakutaka jumba la mtu, walitaka kuitwa watu.

Tena merikebu za Salem hazikurudi tupu. Zilichukua pembe za ndovu zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka bara, na pembe nyingi zilipelekwa katika viwanda vya jimbo la Connecticut, zikakatwa vipande vyembamba vya kufunikia vibao vya vinanda. Katika jumba la Gatsby kipo kinanda, na mgeni mmoja asiye na kazi anaambiwa akipige ili kumfurahisha Daisy. Sisemi kwamba pembe ya kinanda kile ilitoka kwetu, maana hadithi ni ya kubuni. Nasema tu kwamba msomaji wa huku akiviona vibao vyeupe katika nyumba za namna ile, ana sababu ya kukumbuka mabega.

Sasa tuje kwa kijivu. Bonde la majivu halikuzuliwa tu na mtungaji. Mahali pa namna hiyo palikuwapo kweli, paitwapo Corona, upande wa Queens katika mji wa New York. Majivu ya makaa yaliyotoka katika majiko na tanuri za mji yalimwagwa huko mpaka yakawa vilima. Baadaye palisawazishwa, na mwaka 1939 pakafanywa maonyesho makubwa ya mataifa. Katika kitabu, majivu yamemfunika Wilson nguo na nywele, na watu wanaofanya kazi pale huonekana kama wamefanywa kwa majivu yenyewe. Hapa mtungaji amefanya kazi njema sana. Majivu ni mabaki ya moto uliomwotesha mtu mwingine. Moto uliwaka nyumbani mwa watu wa mjini, na mabaki yake yakawa makao ya Wilson. Matajiri wakienda mjini hawana budi kupita pale, nao hutazama kwa dakika chache, kisha hupita.

Lakini nina neno la kumpinga mtungaji. Kwake majivu ni mauti tu. Mama zetu hawangekubali. Katika nyumba zetu majivu husugulia sufuria, huchanganywa na maharagwe yasiliwe na wadudu, na hutiwa bustanini kuipa mboga nguvu. Mtu aliyezoea kuyatumia majivu hayaogopi, wala hamdharau mtu aliyepakwa majivu, maana ajua kwamba ametoka kazini. Fitzgerald aliyatazama majivu kutoka dirishani mwa gari la moto. Hakuyatazama kutoka jikoni. Kwa hiyo alimwona Wilson kuwa mfu kabla ya kufa kwake, na kazi ya mikono yake hakuiona sana.

Juu ya bonde lile pana ubao mkubwa uliochorwa macho mawili ya samawati, yamevaa miwani ya manjano, bila uso. Ni tangazo la daktari wa macho aliyekwisha kuondoka. Mkewe alipokufa, Wilson aliyatazama macho yale, akanena habari za Mungu aonaye yote. Jirani yake akamwambia kwamba hilo ni tangazo tu. Wengine husema hapa mtungaji amedhihaki imani. Mimi sidhani. Naona ameeleza huzuni ya maskini aliyenyimwa kila kitu hata akabaki na tangazo la biashara kuwa ndilo jicho pekee linalomtazama. Majirani zake matajiri walikuwa na macho, nao hawakumwona.

Katika manjano ndipo ustadi wa mtungaji ulipo mkubwa kuliko mahali pengine, na nashangaa kwamba watu wengi hupita upesi. Motokaa ya Gatsby ni moja, lakini haina rangi moja. Nick, anayeistaajabia, aiona ina rangi ya malai iliyokolea. Tom, anayemdharau mwenyewe, aiita gari la michezo ya wanyama na wachekeshaji. Jirani wa Wilson, aliyeona ajali kwa hofu katika giza la jioni, amwambia askari wa kwanza kwamba ilikuwa kijani isiyoiva. Kisha mtu mweusi mmoja, wa rangi ya maji ya kunde, aliyevaa vizuri, asogea mbele na kusema kwamba ilikuwa ya manjano, kubwa, tena mpya. Shahidi aliyesema sawasawa ni yeye, na mtungaji hakumpa hata jina.

Kiswahili hakichanganyi manjano na dhahabu. Moja ni mzizi, nyingine ni madini. Mzizi hutia rangi kitambaa, na kitambaa kikifuliwa mara nyingi rangi hupauka, dhahabu haipauki. Watu wa upande wa Mbeya na Chunya hawahitaji kufundishwa hayo. Katika miaka ya baada ya 1920, na zaidi baada ya 1930, machimbo ya Lupa yaliwavuta watu wa mataifa mengi, na vijana wengi wa Rungwe walikwenda huko kuchimba na kuosha mchanga kwa ujira. Dhahabu ilikwenda kwa mwenye haki ya kuchimba, na kijana alirudi na nguo na blanketi. Katika kitabu pia, mzee aliyemfundisha Gatsby mambo ya kitajiri, jina lake Dan Cody, alikuwa mtu wa machimbo ya fedha ya Nevada na shaba ya Montana. Walioshika sepeto katika machimbo yale hawatajwi. Gatsby alitaka dhahabu, akapata manjano. Na manjano ile, kwa sababu ilikuwa rahisi kuonekana, ndiyo iliyomleta mwuaji mpaka mlangoni pake.

Nije kwenye mashati, maana ndiyo sura inayokumbukwa na wengi. Daisy alipofika katika jumba la Gatsby, mwenye nyumba alifungua kabati lake akatupa mashati mezani moja baada ya moja, ya rangi ya marijani, ya tofaa bichi, ya zambarau iliyofifia, ya chungwa hafifu, mpaka ikawa chungu. Daisy akainamisha kichwa juu ya chungu ile akalia, akisema ni kwa uzuri wa mashati. Mtungaji hakutueleza analia nini hasa. Mimi naona amelia kwa kuwa ametambua kwamba mtu huyu ameleta kila kitu anachoweza kununua, wala hakitatosha. Matajiri wa asili huvaa nyeupe kwa sababu hawana haja ya kutangaza neno. Tajiri mpya huvaa rangi zote. Siku ya ugomvi, Tom alipoambiwa kwamba Gatsby alisoma Oxford, alikanusha kwa dharau, na ushahidi wake ulikuwa kwamba mtu yule amevaa suti ya rangi ya waridi. Kwake suti ile ilitosha kuwa hukumu.

Wasomaji wanaofika sokoni Mwanjelwa, au penye mnada wo wote katika wilaya zetu, wameiona chungu kama ile. Robota la mitumba hukatwa kamba, na mashati ya Marekani na Ulaya humwagwa juu ya turubai: ya waridi, ya zambarau, ya chungwa, mengine yana herufi za jina la mtu tusiyemjua. Hapo mkulima huchagua shati la waridi kwa sababu ni zito na kola yake haijachakaa, akalivaa shambani, wala hapana anayemcheka. Cheo chote kilichoshonwa ndani ya shati lile kimepotea njiani. Nadhani Gatsby angeliuona mnada wetu, angelifahamu kwamba cheo hakikuwa katika kitambaa. Kilikuwa katika macho ya Tom, na kwa macho yale hapana shati lililotosha.

Wanaoumia kuliko wote ni maskini wanaoiamini rangi. Myrtle hubadili nguo mara tatu katika sura moja, na kila nguo humbadili mwenendo. Alipokuwa gereji alivaa samawati nzito, akawa na uhai na nguvu. Alipovaa nguo ya rangi ya malai katika nyumba aliyopangiwa na Tom mjini, akaanza kuwadharau watumishi. Kituoni aliacha teksi nne zipite, akachagua ya tano kwa kuwa ni mpya na ina rangi ya zambarau iliyofifia. Na alipoeleza kwa nini anamchukia mume wake, sababu ilikuwa hii: aligundua baada ya arusi kwamba suti aliyoolea ilikuwa ya kuazima.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Mimi mwenyewe nilioa kwa koti la kuazima. Nilimsimulia mke wangu maneno ya Myrtle, naye akacheka akasema, "Nilijua siku ile ile. Mikono yake ilikufika kwenye vidole." Wilson hakuwa na mwenye kucheka hivyo nyumbani mwake. Koti halikuivunja arusi yake. Iliyoivunja ni imani kwamba mwenye koti ndiye mtu.

Kijani sitaieleza kwa urefu, kwa kuwa wengi wameieleza. Ni taa ya kijani katika gati la Daisy, ambayo Gatsby huitazama usiku ng'ambo ya maji. Wanaosema ni tumaini wasema kweli. Lakini kwa mkulima kijani ni mahindi machanga yaliyo mikononi mwake, na kijani ya Gatsby ni taa iliyosimikwa katika kiwanja cha mtu mwingine. Mtu akipita Mufindi asubuhi ataona kijani nzuri ajabu, mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Mpita njia husifu rangi. Mchumaji mwenye kikapu mgongoni huhesabu kilo. Mwisho wa kitabu mtungaji atukumbusha kwamba nchi ile yote ilikuwa kijani mabaharia wa Kiholanzi walipoiona kwanza, na ya kuwa miti yake iliondolewa kupisha majumba kama la Gatsby. Hapo ameona mbali.

Imebaki rangi ya ngozi, ambayo hatuwezi kuiruka. Katika sura ya kwanza Tom asimama kwenye chakula na kulalamika kwamba watu weupe watazidiwa na watu wa rangi nyingine, naye ataja kitabu kilichosema hivyo. Kitabu anachokitaja ni cha kubuni, lakini kinafanana na kile cha kweli kilichotolewa na Lothrop Stoddard mwaka 1920. Mtungaji amwonyesha Tom kuwa mjinga, na hilo ni jema. Hata hivyo Nick mwenyewe, anayedhaniwa kuwa mwenye haki, akiwaona weusi watatu wamevaa kitajiri katika motokaa inayoendeshwa na dereva mweupe, hucheka kwa sauti. Kwake kichekesho ni kwamba rangi imekaa katika kiti kisicho chake. Sisi tunakijua kiti hicho. Wakati wa ukoloni shule na hospitali zilitengwa kwa Wazungu, Wahindi na Waafrika, kila mtu kwa rangi yake, na utengano huo ukaondolewa baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Kwa hiyo nakiona kitabu kuwa kikali kwa matajiri na kipofu kwa watu weusi. Alimpa mtu mweusi kusema kweli juu ya rangi ya motokaa, kisha akamwacha barabarani.

Basi, je, kitabu hiki kinafaa kusomwa huku? Nasema kinafaa, na vijana wetu wakisome. Ni kifupi, kimepangwa kwa akili, na kinaonyesha wazi jinsi watu wanavyojitenga kwa rangi za vitu vyao. Upungufu wake ni kwamba mtungaji aliupenda mno uzuri aliokuwa akiushtaki. Aliwahesabu watumishi wanane wanaosafisha jumba kila Jumatatu baada ya karamu, lakini hakuwasikiliza. Msomaji yampasa kuwasikiliza yeye mwenyewe.

Nami kabla ya kumhukumu Gatsby nimejihukumu. Miaka michache iliyopita niliwekwa katika kamati ya arusi ya binti mmoja wa ukoo wetu. Tulichagua sare kwa wanawake wote wa ukoo, tukatangaza na bei ya doti. Rangi yake ilikuwa zambarau iliyofifia. Nami niliikubali kwa sababu niliiona nzuri. Siku ya arusi mshereheshaji aliita, "Shangazi wa bibi arusi apite mbele!" Hakupita mtu. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikamkuta shangazi huyo mekoni, amejifunga kaniki, anazoa majivu ili awashe moto mwingine. Nikamwambia, "Shangazi, unaitwa." Akanijibu pasipo hasira, "Mwanangu, walioitwa ni wenye sare." Katika picha za siku ile shangazi hayumo, ingawa chakula walichokula wote kilipikwa naye.

Waraka wa Yakobo, sura ya 2, wataja mtu aliyevaa mavazi mazuri na maskini wanaoingia pamoja katika kusanyiko, na jinsi wanavyopewa viti. Nimeufundisha mara nyingi, na siku ile sikuukumbuka. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoitwa katika kamati za arusi, kabla ya kuuliza rangi gani itapendeza, ulizeni kwanza nani hataweza kuinunua. Kamati yetu ya mwaka huu imekubali kwamba kila mwanamke aje na kanga aliyo nayo, na shangazi ameahidi kwamba atakaa mbele.

Wasalaam,
Mwalimu wenu.